Video ya kilimo: Chagua njia ya kumfikia mkulima kabla ya kuchagua fomati

*Ukubwa wa faili ndio unaoamua nani atalipa gharama
*Vikundi vyashauriwa kujaribu video kijijini kabla ya kumaliza malipo

NYANYA zinazopelekwa soko la Kilombero jijini Arusha hufungwa kwenye matenga au kreti. Vitunguu vinavyopakiwa kwenye lori kwenda Nairobi hutiwa kwenye magunia yanayopitisha hewa. Hakuna mfanyabiashara anayepoteza muda kubishana ni chombo kipi kilicho bora kuliko vyote. Anauliza mzigo ni wa aina gani, unakwenda wapi, barabara ikoje na nani atalipa nauli.

Maswali hayo hayo yanapaswa kuulizwa na vikundi vya wakulima, vyama vya ushirika, wauza pembejeo na wafanyabiashara wadogo wanaotoa fedha zao kutengeneza video za mafunzo au za matangazo. Wengi huanza na kamera, wakasifia picha ilivyo safi, na suala la kuifikisha kwa mlengwa likaachwa mwisho. Matokeo yake ni video nzuri ambayo haifunguki kwenye simu ya mkulima, au inafunguka baada ya kumaliza bando lake.

Katika kilimo hasara hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu elimu ya shambani ina msimu wake. Chukulia mfano wa kikundi chenye wanachama 200 wanaolima vitunguu katika Bonde la Eyasi, eneo la Mang'ola wilayani Karatu. Kikundi kinahitaji video ya dakika 10 inayoonyesha namna ya kuvuna, kukausha shingo ya kitunguu na kufunga mzigo. Kitunguu kinachowekwa ghalani shingo yake ikiwa bado mbichi huoza, na kikishaanza kuoza huharibu na wenzake.

Mpiga video anakuja, anarekodi, anakabidhi faili moja kubwa kwenye flashi, analipwa na kuondoka. Kikundi kinabaki na kazi ya kuwafikia watu 200, ambao baadhi wana simu janja, wengine wana vitochi na wengine hawana simu kabisa. Video ikichelewa wiki tatu, vitunguu vimeshavunwa na fedha ya kikundi imeshatumika.

GUNIA NA KILICHOMO

Fomati ni namna video inavyofungwa na kubanwa ili iweze kuhifadhiwa na kusafirishwa. Ndani yake yamo mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni aina ya faili, inayoonekana mwishoni mwa jina lake: MP4, AVI, MOV au 3GP. Hili ni sawa na gunia. La pili ni namna picha iliyomo ndani ilivyobanwa, ambayo mafundi huiita kodeki. Magunia mawili yanaweza kufanana kwa nje, moja likawa na mahindi na jingine likawa na mpunga. Vivyo hivyo, mafaili mawili yanaweza kuishia na MP4, moja likacheza kwenye runinga ya kijijini na jingine likagoma.

Kodeki ambazo mkulima au mfanyabiashara atakutana nazo mara nyingi ni tatu. MPEG-2 ndiyo iliyotumika kwenye DVD na bado inatumika katika utangazaji. H.264 iliidhinishwa mwaka 2003, na leo inasomwa na karibu kila simu janja, kompyuta na runinga bapa. H.265 ilifuata mwaka 2013, na inaweza kupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu ya H.264 bila picha kuonekana tofauti sana.

Kwa maelezo hayo mtu anaweza kudhani kwamba H.265 ndiyo ya kuchagua daima. Tatizo ni kwamba runinga na simu nyingi za zamani haziisomi. Simu nyingi mpya hurekodi kwa H.265 bila mwenyewe kujua. Akichukua faili hilo moja kwa moja na kulichomeka kwenye runinga ya ofisi ya kijiji, sauti inaweza kusikika bila picha, au runinga ikaandika tu kwamba faili halitambuliki.

Kwa mtu asiyejua mtazamaji wake ana kifaa gani, faili la MP4 lenye H.264 na sauti ya AAC ndilo chaguo lenye hatari ndogo. Hiyo ndiyo iwe nakala ya kawaida, na nyingine zitengenezwe kwa mahitaji maalumu.

HESABU YA UKUBWA NI RAHISI

Ukubwa wa faili haubahatishwi. Unategemea urefu wa video kwa sekunde na kiasi cha data kinachobebwa katika kila sekunde, ambacho hupimwa kwa megabiti. Zidisha hivyo viwili, kisha gawanya kwa nane, na jibu ni ukubwa kwa megabaiti, yaani MB ambazo kampuni za simu huuza kwenye bando.

Video ya dakika 10 ina sekunde 600. Ikibebwa kwa megabiti 8 kwa sekunde, ukubwa wake ni MB 600. Kwa megabiti 2.4 inashuka hadi MB 180. Kwa megabiti 0.2, kiwango kinachofaa kioo kidogo cha kitochi, inakuwa MB 15.

Sasa rudi kwa kikundi cha wanachama 200. Kila mmoja akipakua faili la MB 600, kikundi kizima kimetumia MB 120,000, sawa na GB 120. Video hiyo hiyo ikifupishwa kidogo na kugawanywa vipande vitatu vya dakika tatu tatu, kila kimoja kikiwa na MB 15, mwanachama atapakua MB 45 na kikundi chote kitatumia GB 9. Tofauti ni zaidi ya mara 13.

Gharama ya GB 120 haitaonekana kwenye vitabu vya kikundi, kwa kuwa haikulipwa na mweka hazina. Imehamishiwa kwenye mifuko ya wanachama mmoja mmoja. Mwanachama asiye na uwezo wa kulipa hatalalamika kwenye mkutano. Ataacha kuitazama video, na hapo ndipo fedha ya kikundi inapopotea.

Tuseme utengenezaji uligharimu shilingi 600,000 na waliofanikiwa kuitazama ni 30. Kila mtazamaji amekigharimu kikundi shilingi 20,000. Kikundi kikiongeza shilingi 60,000 kwa ajili ya nakala ndogo za njia mbalimbali, na watazamaji wakafika 150, gharama kwa kila mmoja inashuka hadi shilingi 4,400. Viwango hivi ni vya mfano, lakini kila kikundi kinaweza kuweka vya kwake na kupata jibu lake.

NANI ATAIBANA MARA YA MWISHO?

Kabla ya kuamua ukubwa wa nakala, kuna swali moja linalorahisisha mambo: baada ya video kutoka mikononi mwa kikundi, je, kuna mtu au mtambo mwingine utakaoibana tena?

Runinga na YouTube hubana tena kwa mitambo yao. Hao wapewe faili kubwa na safi, kwa sababu kila ubanaji hupunguza ubora. Flashi, DVD na memori kadi havibani chochote, hivyo kikundi kibane chenyewe kulingana na kifaa cha mtazamaji. WhatsApp nayo hubana video inayotumwa kwa njia ya kawaida, na ikipewa faili kubwa mara nyingi huipunguza hadi maandishi yaliyomo yasisomeke. Hiyo ipewe video ambayo tayari ni ndogo na fupi.

RUNINGA

Kipindi cha runinga kinaweza kuwafikia watu wengi kwa mara moja, na mtazamaji hahitaji bando. Nchini Kenya, kipindi cha Shamba Shape Up kilichoanza mwaka 2012 kilionyesha kwamba elimu ya kilimo inaweza kupata watazamaji kama burudani nyingine.

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa mwaka 2012, na Kenya ilipokamilisha kazi hiyo mwaka 2015, matangazo ya ardhini huja kupitia king'amuzi au runinga yenye king'amuzi ndani. Kwa mwenye video hilo halibadilishi kazi yake, kwa sababu kituo ndicho kinachobana picha kabla ya kuirusha. Kinachotakiwa ni kukikabidhi kituo faili bora kadiri inavyowezekana.

Moja ya fomati zinazotumika sana katika utangazaji hubeba megabiti 50 kwa sekunde kwa picha ya vitone 1920 kwa 1080. Video ya dakika 10 kwa kiwango hicho ina MB 3,750, mzigo unaopelekwa kwa flashi au diski ya nje kuliko kwa bando. Kila kituo kina masharti yake, hivyo yaulizwe kabla ya kurekodi.

Suala la idadi ya picha kwa sekunde nalo lisisahaulike. Utangazaji wa Afrika Mashariki umejengwa juu ya picha 25 kwa sekunde, wakati simu nyingi hurekodi 30. Kubadilisha baadaye kunawezekana, lakini mwendo wa mkono au wa jembe unaweza kuonekana unarukaruka. Anayejua kwamba video itakwenda kwenye runinga aweke 25 tangu mwanzo.

MKUTANO WA KIJIJI NA BANDA LA VIDEO

Njia hii ina faida kubwa kwa elimu ya kilimo, kwa kuwa inawafikia hata wasio na simu na inaruhusu maswali.

Nchini India, mradi wa Digital Green ulioanza mwaka 2006 ndani ya kituo cha utafiti cha Microsoft jijini Bangalore ulitumia video zilizorekodiwa na wakulima wenyewe na kuonyeshwa kwa vikundi vidogo. Utafiti wa waanzilishi wake uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika katika vijiji 16, ulionyesha kwamba kwa kila dola iliyotumika, njia hiyo ilileta wakulima waliofuata mbinu mpya mara 10 au zaidi kuliko ugani wa kawaida.

Walianza na runinga na deki za DVD, baadaye wakatumia projekta ndogo za betri. Siri ya mafanikio haikuwa kifaa peke yake. Kulikuwa na mtu wa kijijini anayesimamisha video katikati, kuuliza maswali na kuandika nani ameamua kujaribu nini. Kwa sababu hiyo video ya mkutano igawanywe katika sehemu zenye mahali pa kusimama, na sehemu moja isipite dakika nne au tano.

Kwa flashi, vitone 1280 kwa 720 vinatosha kwa projekta nyingi ndogo na runinga za vijijini, kwa kiwango cha megabiti 2 hadi 3 kwa sekunde. Flashi iandaliwe kwa mfumo wa FAT32, ambao unasomwa na runinga nyingi za zamani. Mfumo huo haupokei faili moja linalofikia GB 4 au zaidi, lakini video ya mafunzo iliyobanwa vizuri haiwezi kufika huko. Mafaili yapewe majina mafupi yanayoanza na namba, kama 01 Kuvuna na 02 Kukausha, ili yacheze kwa mpangilio.

Mabanda ya video na nyumba nyingi bado zina deki za DVD. Hapa kuna kosa linalojirudia. Mtu anachukua faili la MP4, analinakili kwenye diski, kisha deki inagoma. Diski hiyo ni ya data. Ili ichezwe na deki za zamani ni lazima itengenezwe kama DVD ya video, yenye MPEG-2 na vipimo vya 720 kwa 576 kwa picha 25, mfumo wa PAL unaotumika Tanzania na Kenya. Diski moja ya kawaida yenye GB 4.7, kwa megabiti 6 kwa sekunde, hubeba takriban dakika 100. Maana yake ni kwamba video 10 za dakika 10 zinaweza kuuzwa au kugawiwa kwa diski moja.

Hata hivyo, kompyuta nyingi mpya za mkononi haziji tena na sehemu ya kuingizia diski. DVD iwe nakala ya pili kwa wenye deki, na flashi iwe ya kwanza.

WHATSAPP

Vikundi vingi vya wakulima tayari vina kundi la WhatsApp, hivyo njia hii haina gharama ya kuanzisha. Gharama yake iko kwa mpokeaji.

Mwaka 2022 WhatsApp iliruhusu faili la hadi GB 2 kutumwa kama waraka, ambalo hufika bila kubanwa tena. Ruhusa hiyo imewafanya baadhi ya watu kutuma video nzima kama ilivyotoka kwenye kamera. Kuruhusiwa kutuma hakumfanyi mpokeaji aweze kupokea. Simu yenye nafasi ndogo itakataa, na mwenye bando la siku ataacha.

Kiwango kizuri kwa kundi la wakulima ni kipande cha dakika tatu kisichozidi MB 15. Kwa hesabu ya hapo juu, hiyo ni takriban megabiti 0.65 kwa sekunde, picha na sauti kwa pamoja. Picha ya upana wa vitone 640 inaonekana vizuri kwa kiwango hicho, mradi kamera isitikisike na maandishi yawe makubwa. Kamera inayotikisika hubadilisha kila kitone cha picha kwa wakati mmoja, na ubanaji unashindwa kazi. Kwa hiyo kigoda cha kamera cha bei nafuu huokoa bando la watu 200.

Anayetuma aandike chini ya video urefu wake, MB zake na inahusu nini. Kipande cha kuvuna kitumwe wiki ya kuvuna na cha kufunga mzigo wiki ya kufunga. Hivyo mwanachama hulipia anachokihitaji kwa wakati huo.

Jambo la kuepuka ni kuchukua video iliyokwishapita WhatsApp na kuibana tena ili kuitumia kwingine. Ni kama mahindi chotara yanayorudiwa kupandwa: kila kizazi hupungua nguvu. Nakala zote zitolewe kwenye faili mama.

YOUTUBE

YouTube yenyewe hutengeneza nakala nyingi za video moja, kuanzia kiwango cha chini kabisa cha 144 hadi cha juu kilichowekwa. Mtazamaji mwenye mtandao dhaifu hupewa nakala ndogo, na anaweza pia kuichagua mwenyewe. Kwa hiyo anayeweka video asiibane sana. YouTube inapendekeza takriban megabiti 8 kwa sekunde kwa picha ya 1920 kwa 1080, na megabiti 5 kwa 1280 kwa 720.

Hapa kikundi kinalipa mara moja, kwa mfano MB 600 za kupandisha video, na watazamaji hulipa kidogo kidogo. Akaunti ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu haipokei video inayozidi dakika 15, hivyo uthibitisho ufanywe mapema. Mtazamaji naye aelekezwe namna ya kuchagua kiwango cha 240 au 360, kwa sababu mtandao ukiwa na kasi nzuri simu inaweza kujichukulia kiwango cha juu na kumaliza bando.

Njia hii inafaa zaidi kwa maktaba ya kudumu: mteja wa pampu anayetaka kujua namna ya kuifunga, au mkulima wa mkoa mwingine anayetafuta jambo hilo usiku. Kwa wanachama walioko mbali na mnara wa simu, haifai kuwa njia pekee.

KITOCHI NA MEMORI KADI

Wakulima wengi wana simu za batani zenye kioo kidogo na sehemu ya memori kadi. Simu hizi zisidharauliwe, kwa kuwa hukaa na chaji siku nyingi na huzunguka shambani kutwa nzima.

Nyingi husoma 3GP, fomati iliyotengenezwa kwa ajili ya simu za mkononi. Picha ya 320 kwa 240, au 176 kwa 144 kwa simu za zamani zaidi, inatosha. Shirika la Access Agriculture, lililoanzishwa mwaka 2012 na ambalo lina video za kilimo katika lugha nyingi kikiwamo Kiswahili, limewahi kutoa video zake pia kwa 3GP kwa sababu hiyo hiyo.

Faida nyingine ni kurushiana kwa Bluetooth bila mtandao. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, faili la MB 600 huchukua dakika 40, wakati faili la MB 15 huchukua dakika moja. La kwanza hakuna atakayelisubiri. La pili linaweza kupokelewa mnadani wakati wa kusubiri gari.

Kwa kioo kidogo, maelezo yategemee sauti zaidi ya maandishi. Msemaji awe karibu na kipaza sauti, na upepo wa shambani uzuiwe hata kwa kitambaa. Mkulima huvumilia picha yenye ukungu, lakini asiposikia kipimo cha dawa anaweza kuunguza mazao yake.

FURSA KWA MFANYABIASHARA MDOGO

Vijana wanaoingiza nyimbo kwenye memori kadi katika masoko na stendi tayari wana kompyuta, wateja na ujuzi. Kubadilisha fomati ni kazi ya aina hiyo hiyo. Programu ya HandBrake hupatikana bure na hutoa MP4 yenye H.264, na VLC ambayo nayo ni ya bure hucheza karibu kila aina ya faili na kusaidia kujua kodeki iliyomo ndani.

Kijana mwenye vifaa hivyo anaweza kupatana na kikundi au duka la pembejeo, akalipwa kwa kila nakala au kwa kila kadi. Sharti ni kupata ruhusa ya mwenye video. Mafunzo mengi hutolewa ili yasambazwe bure, na kuyauza bila ruhusa kunaweza kumletea matatizo ya hakimiliki.

Muuza pembejeo naye anaweza kuweka runinga dukani na kuchomeka flashi yenye video fupi zinazojirudia. Mteja anayesubiri kupimiwa mbegu anatazama namna ya kunyunyizia dawa kwa usalama. Kwa tangazo la kwenye simu, sekunde 30 zinatosha, na lirekodiwe simu ikiwa imesimama wima kama litawekwa TikTok au kwenye hali ya WhatsApp. Kwa runinga na projekta, simu ilazwe. Picha ya wima ikipelekwa kwenye runinga huacha nafasi nyeusi kila upande.

MAKUBALIANO NA MPIGA VIDEO

Kikundi au mfanyabiashara aandike mambo yafuatayo kabla ya kutoa malipo ya kwanza.

Kwanza, orodha ya njia zitakazotumika na nakala inayotakiwa kwa kila moja. Kwa wakulima wa Mang'ola waliotajwa hapo juu, orodha inaweza kuwa faili mama, nakala ya flashi ya 1280 kwa 720, vipande vitatu vya WhatsApp vya MB 15 kila kimoja, nakala ya 3GP, na DVD moja kwa banda la video.

Pili, faili mama na picha ghafi vikabidhiwe kwa kikundi. Bila hivyo, mwaka ujao bei au dawa ikibadilika, kikundi kitalazimika kurekodi upya kila kitu.

Tatu, sauti ya msemaji ihifadhiwe peke yake, ili video iweze kutafsiriwa kwa Kiiraqw au lugha nyingine bila kupiga picha upya.

Nne, faili mama lihifadhiwe mahali pawili tofauti. Flashi hupotea, na diski huchunika.

Tano, malipo ya mwisho yatolewe baada ya majaribio. Majaribio yasifanyike kwenye kompyuta ya mpiga video, kwa kuwa hiyo hucheza kila kitu. Yafanyike kwenye runinga ya kijiji, kwenye simu janja ya bei nafuu ya mwanachama, kwenye kitochi na kwenye deki ya banda. Nakala itakayogoma irudishwe ikarekebishwe kwa gharama ya aliyeitengeneza.

Kazi hiyo ya majaribio haichukui zaidi ya saa moja, na ifanyike angalau mwezi mmoja kabla ya mavuno. Muda huo unatosha kurekebisha nakala zilizogoma na kuzifikisha kwa wanachama wote wakati kitunguu bado kiko ardhini.